WOSIA WA MUISLAMU NA MSAADA WA KISHERIA: TUSINGOJE MSIBA

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.



Kila mwaka katika jarida hili huwa tunachukua somo moja lililosomeshwa darasani, tukalieleza kwa upana ili lifike na majumbani. Mwaka huu tumechagua wosia na mirathi, na sababu yake ni swali la mwanafunzi.

Tulikuwa katika darasa la faraidh. Ubao umejaa mafungu: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Binti mmoja akanyoosha mkono, akasema: "Ustadhi, haya mafungu tumeyahifadhi. Lakini baba alipofariki, baba wakubwa na baba wadogo walikuja wakasema kwetu mtoto wa kike harithi shamba, na mjane halishwi na mali ya ukoo. Mbona hili fungu letu hatukulipata?"

Darasa likanyamaza. Nasi walimu tulikosa jibu la haraka, kwa sababu jibu kamili halimo katika kitabu cha faraidh peke yake. Nusu yake imo katika sheria za nchi na katika karatasi ambayo marehemu hakuiandika. Tukaona ni wajibu wetu kuuliza wanaojua. Tulikwenda kwa shekhe mjuzi wa faraidh, tukaenda kwa msaidizi wa kisheria wa kata, tukafika mpaka Mahakama ya Mwanzo. Haya yanayofuata ndiyo tuliyorudi nayo.

TOFAUTI YA WOSIA NA MIRATHI

Watu wengi huyachanganya mambo haya mawili, basi tuyatenganishe mwanzo kabisa.

Mirathi ni haki ambayo Allah (S.W.) mwenyewe amekwisha kuigawa. Mafungu yake yametajwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176. Hapo hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuongeza wala kupunguza, awe baba, mjomba au mwenyekiti wa ukoo.

Wosia ni maagizo anayoyaacha mtu yatekelezwe baada ya kufa kwake. Ndani yake anaweza kutoa sehemu ya mali kwa asiyekuwa mrithi, kutaja madeni yake na amana za watu, na kumteua wasii wa kusimamia mambo yake. Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Ibn Umar (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ametufundisha kwamba haimpasi Muislamu mwenye kitu cha kuusia kulala siku mbili bila ya wosia wake kuwa umeandikwa.

Wosia wa mali una mipaka miwili. Wa kwanza ni kwamba usizidi thuluthi moja ya mali. Hili linatokana na kisa cha Saad bin Abi Waqqas (R.A.), aliyetaka kutoa zaidi, Mtume (S.A.W.) akamruhusu thuluthi na akamwambia kuwa hata hiyo ni nyingi. Wa pili ni kwamba mrithi hausiwi, kwa kuwa yeye ana fungu lake tayari. Mipaka hii miwili haivukwi ila kama warithi wengine, waliobaleghe na wenye akili timamu, wameridhia kwa hiari yao baada ya mauti.

Kwa hiyo baba anayeandika, "nyumba ya mjini yote ni ya mwanangu wa kwanza," huku ana watoto wengine na mke, huyo amewaachia wanawe ugomvi.

KWA NINI TANZANIA BARA KUNYAMAZA NI HATARI

Baadhi ya wazee wetu husema, "Mimi ni Muislamu, nikifa mali yangu itagawiwa Kiislamu, sina haja ya karatasi." Kwa upande wa imani kauli hii ni nzuri. Kwa upande wa sheria za Tanzania Bara, haitoshi.

Nchi yetu ina sheria zaidi ya moja za mirathi. Ipo sheria ya Kiislamu, ipo sheria ya mila, na ipo sheria ya serikali inayotumika kwa wengine. Mtu akifariki na pakatokea mvutano, mahakama ndiyo huamua itumike sheria ipi. Sheria ya Sura ya 352 inaielekeza mahakama itazame kauli za marehemu, za maandishi au za mdomo, pamoja na matendo yake na namna alivyoishi, ili ijue kama alikusudia mali yake isimamiwe kwa sheria ya Kiislamu.

Hapa ndipo mlango unapofunguka. Kama marehemu ni Muislamu lakini pia ni mtu wa kabila lenye mila zake, ndugu wa ukoo wanaweza kusimama na kusema, "Ndugu yetu alikuwa mtu wa mila." Kama hakuandika neno, kazi ya kuthibitisha kinyume chake inabaki kwa mjane na mayatima, nao wamo eda na msiba.

Tofauti ya matokeo si ndogo. Kanuni za sheria ya mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, ambazo ni za makabila yanayofuata ukoo wa baba, zimewaweka warithi katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni mwana wa kiume mkubwa wa nyumba ya kwanza, la pili ni wana wa kiume wengine, na mabinti wako daraja la tatu. Mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Kanuni hizo zinamtaka atunzwe na watoto wake. Linganisha na Qur'an, ambayo katika Suratun-Nisaa aya ya 7 imethibitisha fungu la wanaume na fungu la wanawake, mali ikiwa kidogo au nyingi.

Ndugu zetu waliosilimu wako katika hatari hiyo hiyo, pengine zaidi. Mtu amesilimu akiwa na miaka arobaini, wazazi na kaka zake ni wa dini nyingine, jina lake katika vyeti ni lile la zamani. Siku akifa, nani atashuhudia kuwa alitaka faraidh? Kwake yeye wosia ni kinga ya mke na watoto wake. Aidha, kwa kuwa kwa mujibu wa wanazuoni walio wengi asiyekuwa Muislamu hamrithi Muislamu, anaweza kumuusia mama yake mzazi katika ile thuluthi, akapata thawabu ya kuunga udugu.

MFANO WA HESABU

Tuseme mzee mmoja amefariki. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Ameacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na mabinti watatu. Yupo pia mjukuu yatima, ambaye baba yake alifariki kabla ya babu. Mjukuu huyu harithi, kwa sababu wana wa kiume wa marehemu wapo hai. Lakini babu alimkumbuka: katika wosia wake ameandika apewe shilingi 4,000,000. Mali yote ya mzee ina thamani ya shilingi 27,000,000.

Kwanza tunatoa gharama za mazishi, shilingi 500,000. Pili tunalipa madeni, shilingi 2,500,000. Zinabaki 24,000,000.

Tatu tunautazama wosia. Thuluthi ya 24,000,000 ni 8,000,000. Mzee ameusia 4,000,000, hajavuka mpaka, basi mjukuu anapewa. Zinabaki 20,000,000.

Nne tunagawa mirathi. Mke anapata thumni kwa sababu mumewe ameacha watoto, yaani shilingi 2,500,000. Zilizobaki 17,500,000 ni za watoto, mwanamume akipata sehemu mbili na mwanamke sehemu moja. Sehemu ni saba. Kila mtoto wa kiume anapata 5,000,000 na kila binti 2,500,000.

Jumlisheni wenyewe mtaona zimetimia. Sasa ondoeni wosia katika mfano huu. Mjukuu hapati kitu, na deni ambalo halikuandikwa popote huenda lisilipwe, marehemu akabaki ananing'inia nalo.

MAMBO YA KUANDIKA KATIKA WOSIA

Tulipomuonyesha msaidizi wa kisheria mfano huu alifurahi, kisha akatuambia kuwa wosia nyingi huanguka mahakamani kwa makosa madogo madogo. Kwa kuunganisha nasaha zake na za shekhe wetu, tumepata mambo tisa:

1. Jina kamili, makazi, tarehe, na maelezo kwamba unaandika kwa hiari yako ukiwa na akili timamu.

2. Tamko la wazi la dini na sheria. Kwa mfano: "Mimi ni Muislamu, na ninataka mali yangu yote isimamiwe na igawiwe kwa sheria ya Kiislamu, si kwa sheria ya mila wala nyinginezo." Sentensi hii moja ndiyo ingemuokoa yule binti aliyetuuliza swali.

3. Warithi wote kwa majina yao: wazazi walio hai, mke au wake wote, na watoto wote wa kila mama. Wapo wanaume ambao mke wao wa pili hujulikana siku ya msiba, akiwa amesimama na watoto mlangoni. Huko ni kumdhalilisha mwanamke na kuwaweka watoto katika shaka.

4. Mali na mahali zilipo hati zake: nyumba na leseni ya makazi, kiwanja, shamba, gari au pikipiki, akaunti ya benki, hisa za VICOBA, mifugo, duka. Salio la pesa katika simu nalo ni mali ya mirathi, hata likiwa dogo.

5. Mali iliyo mikononi mwako lakini si yako. Cherehani ya mke, dhahabu zake na kiwanja alichonunua kwa fedha zake ni vyake. Havigawiwi kwa ndugu wa mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inatambua haki ya mwanamke kumiliki mali yake. Amana za watu na fedha za msikiti zitajwe pia.

6. Madeni unayodai na unayodaiwa. Wengi husahau mahari ambayo hayajalipwa. Hilo ni deni la mke, hulipwa kabla ya mirathi, na haliingii katika thumni yake. Zaka iliyokuwa imewajibika na Hijja ya aliyekuwa na uwezo akaahirisha, zitajwe pia ili shekhe aelekeze.

7. Wale unaowausia katika thuluthi: mjukuu yatima, mtoto uliyemlea, dada mwenye shida asiyekuwa mrithi, msikiti au madrasa.

8. Jina la wasii, na la wa akiba endapo wa kwanza atafariki au atakataa. Taja pia utakayependa awalee watoto wadogo na kuwatunzia mali yao. Chagua mwaminifu. Suratun-Nisaa aya ya 10 imetoa onyo kali kwa wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma.

9. Sahihi yako na za mashahidi, katika kila ukurasa. Suratul-Maidah aya ya 106 imetaja mashahidi wawili waadilifu. Wasiwe warithi wala wanaopewa kitu katika wosia. Kwa mzee asiyejua kusoma na kuandika, asomewe kwa sauti mbele ya mashahidi, kisha aweke dole gumba; hapo ni salama zaidi mashahidi wawe wanne, wawili wa ukoo wake na wawili watu baki.

Wosia hubadilishwa wakati wowote mwenyewe akiwa hai na akili zake timamu. Ukioa, ukipata mtoto, ukiuza shamba, andika upya, weka tarehe, na useme kuwa ule wa zamani umefutwa.

Wanaotaka kumpa mrithi kitu mahususi wana njia nyingine, nayo ni hiba: zawadi inayotolewa na kukabidhiwa wakati wa uhai. Iandikwe, na kama ni ardhi ibadilishwe jina katika ofisi husika. Lakini Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Nuuman bin Bashir (R.A.), ametukataza kumpendelea mtoto mmoja kwa zawadi na kuwaacha wenzake. Na hiba inayotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wosia, mipaka yake ni ile ile.

WAPI TUPATE MSAADA

Kwanza nenda kwa shekhe anayejua faraidh. Yeye ndiye atakayekueleza nani mrithi na nani si mrithi katika familia yako. Ofisi za BAKWATA za wilaya na mikoa zinaweza kukuelekeza. Tufahamu, hata hivyo, kwamba Tanzania Bara kadhi wa BAKWATA hana nguvu ya mahakama ya dola. Anatoa mwongozo na suluhu, lakini amri inayoheshimiwa na benki na ofisi ya ardhi hutoka mahakamani. Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba hali ni tofauti: huko Mahakama ya Kadhi ni ya serikali na inasikiliza mirathi ya Waislamu, na ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Pili, wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 1 ya mwaka 2017 imewatambua rasmi, na msaada wao kwa asiye na uwezo ni wa bure. Uliza katika ofisi ya serikali ya mtaa au ya kata. Msaidizi wa kisheria atakueleza haki zako, atakusaidia kujaza fomu na kukuelekeza pa kwenda, lakini hakusimamii mahakamani kama wakili. Katika kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza mwaka 2023, wanasheria wamekuwa wakiwafuata wananchi mikoani. Zikifika kwenu kambi kama hizo, msikae nyumbani.

Tatu, zipo taasisi zinazotoa msaada wa kisheria bila malipo kwa wasio na uwezo: Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC). Mjane asiye na nauli ya wakili aanzie huko.

Nne, RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Ni ofisi ile ile inayotoa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo. Huandika wosia na kuhifadhi wosia kwa ada. Wosia uliohifadhiwa huko haupotei kwenye mafuriko wala hauchanwi na mtoto wa kambo.

Tano, wakili. Mwenye mali nyingi, biashara ya ushirika, au familia yenye mivutano, heri amlipe wakili. Hakikisha ni wakili kweli. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili wa kumtambua, na wapo vishoka wengi nje ya milango ya mahakama. Uliza bei kabla, dai risiti, na usitie sahihi karatasi tupu. Tena mwambie kabisa kuwa unataka wosia wa Kiislamu, umpelekee maelezo ya shekhe. Wakili hodari anaweza kukuandikia karatasi nzuri sana inayompa mrithi mmoja nyumba nzima, kwa sababu hajui mipaka yetu.

Kwa sisi wakazi wa Dar es Salaam, kipo pia Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke, kilichoanza mwaka 2021 kwa ajili ya mashauri ya mirathi na ndoa. Faida yake ni kwamba huduma zinazohusiana na mashauri hayo zimewekwa karibu na mahakama, mtu asizunguke mji mzima.

MTU AKISHAFARIKI

Cheti cha kifo kitafutwe mapema. Familia ikae kikao, iandike muhtasari na kumpendekeza msimamizi wa mirathi; kama marehemu ameacha wosia wenye wasii, usomwe hapo. Kisha maombi yapelekwe mahakamani. Pale inapotumika sheria ya Kiislamu au ya mila, Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa akiishi marehemu ina uwezo wa kusikiliza, na lugha yake ni Kiswahili. Maombi hujazwa katika Fomu Namba 1.

Mahakama hubandika tangazo, ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya muda uliotajwa. Tangazo hilo lisomwe kwa makini. Ukiona jina la msimamizi usiyemuamini, au umeona warithi wameachwa, hapo ndipo pa kupinga.

Msimamizi akishateuliwa si mmiliki. Kanuni za Mahakama ya Mwanzo zinamtaka, ndani ya miezi minne au muda ambao mahakama imemuongezea, apeleke orodha ya kweli ya mali na madeni yote, kisha atoe hesabu ya jinsi alivyogawa. Asipofanya hivyo mrithi yeyote anaweza kulalamika, na mahakama ina uwezo wa kumuondoa. Tumesikia wasimamizi wakisema "mahakama imenipa nyumba." Mahakama haikumpa nyumba, imempa amana.

KISA CHA YULE BINTI

Wasomaji watataka kujua yaliyompata mwanafunzi wetu. Kwa idhini ya mama yake tunaeleza kwa ufupi, bila ya kutaja majina.

Baba yake mdogo alikuwa amepeleka maombi ya usimamizi kwa misingi ya mila, na tangazo lilikuwa limekwisha kubandikwa. Siku chache kabla ya muda kwisha, mama, akiongozwa na msaidizi wa kisheria, akapeleka pingamizi. Marehemu hakuwa ameacha wosia, kwa hiyo ilibidi mwenendo wa maisha yake ndio useme. Kilipelekwa cheti cha ndoa ya Kiislamu. Imamu wa msikiti wa mtaa akaeleza kuwa marehemu alikuwa akiswali safu ya mbele. Mmoja wetu naye aliitwa, akaenda na daftari la ada la madrasa, lenye sahihi ya marehemu mwezi baada ya mwezi kwa miaka sita, akiwalipia watoto wake wafundishwe Qur'an. Hatukuwahi kufikiri kuwa daftari lile lingesimama mahakamani kumshuhudia mtu dini yake.

Alhamdulillah, mahakama iliamua itumike sheria ya Kiislamu. Lakini shauri lilichukua zaidi ya mwaka. Mavuno ya misimu miwili yalikwenda bila hesabu. Kiwanja kimoja kilikuwa kimekwisha kuuzwa, na mpaka tunaandika haya bado kinadaiwa. Kubwa kuliko yote, watoto na baba zao wadogo hawatembeleani. Mama alituambia, "Mume wangu alikuwa mtu mwema, Ustadhi. Alidhani wema unatosha."

NASAHA YETU

Wazazi wetu, kuandika wosia hakuleti kifo, na kuacha kuandika hakukirefushi kifo kisije. Ambaye hana nyumba wala shamba ana madeni, au ana amana, au ana watoto wanaohitaji mlezi. Karatasi moja, mashahidi wawili na ziara moja kwa shekhe na kwa msaidizi wa kisheria, ni kazi ya siku chache. Akina mama nanyi mna mali na mnarithiwa. Wosia si wa wanaume peke yao. Na walio na mayatima majumbani mwao waulize leo kama hesabu ya msimamizi imepelekwa.

Nanyi wanafunzi, msimuulize baba, "Mali yako utampa nani?" Hilo halina adabu. Mfikishieni jarida hili, mwambieni, "Baba, Ustadhi ametutuma tusome pamoja." Tumeamua pia kuwa mwaka huu madrasa itaandaa siku moja ya wazazi, ambapo shekhe wa faraidh na msaidizi wa kisheria watakaa meza moja, kila mzazi aulize lake.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuepushe na kula haki za mayatima na wajane, awarehemu wazee wetu waliotangulia, na atujaalie tumfikie hali ya kuwa hatuna deni la mja shingoni. Aamin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mipaka miwili ya wosia wa mali, na hadithi inayohusiana na mpaka wa thuluthi.

2. Mama amefariki. Ameacha mume, mtoto mmoja wa kiume na binti mmoja. Baada ya mazishi na madeni zimebaki shilingi 12,000,000, naye hakuusia chochote. Kila mmoja atapata kiasi gani?

3. Mume amefariki akiwa hajamlipa mkewe mahari ya shilingi 800,000. Je, fedha hizo zinatolewa kabla ya mirathi au zinahesabiwa ndani ya thumni ya mke? Eleza.

4. Msimamizi wa mirathi anasema nyumba ni yake kwa sababu mahakama imemteua. Utamjibu nini?

Majibu yaletwe kwa mwalimu wa faraidh, yakiwa yameandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi na mzazi baada ya kuyasoma.

Wabillahi tawfiq.